Maneno ya Kiingereza yanayoanza sawa: lini ni ndugu, lini ni sura tu

Nyuma ya lori moja la mafuta utasoma "highly flammable". Nyuma ya lori jingine utasoma "highly inflammable". Msomaji aliyefundishwa shuleni kwamba "in-" mwanzoni mwa neno la Kiingereza huleta ukanushi, kama "correct" na "incorrect" au "visible" na "invisible", ana kila sababu ya kudhani kwamba lori la kwanza ni la hatari na la pili ni salama. Kumbe yote mawili yanasema jambo lile lile: mzigo huu hushika moto upesi. Na mtu anayehitaji onyo hilo kuliko wote, yule anayesogelea lori lililopinduka na sigara mkononi, ndiye anayeweza kulisoma kinyume.

Hapo hakuna uzembe wa msomaji. Kiingereza kina "in-" mbili, zote za Kilatini, zinazoandikwa na kutamkwa sawasawa. Moja maana yake ni "si". Nyingine maana yake ni "ndani" au "kuingia". Kitenzi cha Kilatini "inflammare" kilikuwa na maana ya kutia moto, kuingiza mwali ndani ya kitu, na "flamma" ndiyo mwali wenyewe. Kutoka hapo Kiingereza kikapata "inflame", na kinachoweza kutiwa moto kikaitwa "inflammable". Hospitalini neno hilo lina ndugu yake, "inflammation": kiungo kimevimba, kimekuwa chekundu, kina joto. Hakuna mgonjwa anayedhani daktari amesema kiungo chake "hakiwaki".

Wazima moto waliiona hatari hii mapema. Tangu miaka ya 1920 Chama cha Taifa cha Kinga ya Moto cha Marekani kilihimiza watu waandike "flammable" badala ya "inflammable", na kinyume chake kiwe "nonflammable", ili asibaki mtu wa kukisia. Ni mara chache lugha kurekebishwa kwa makusudi namna hiyo na watu wakakubali. Lakini neno la zamani halikufa, na kwa hiyo mpaka leo yote mawili yanatembea barabarani.

Mkanganyiko hauishii kwenye "in-" yenyewe, kwa kuwa n hiyo hubadilika kufuata herufi inayoikuta mbele. Ikikuta p, b au m huwa m. Ikikuta l huwa l, ikikuta r huwa r. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa: ubavu ukiwa mwingi tunasema mbavu, ulimi ukiwa mwingi tunasema ndimi, kwa sababu n ya ngeli haikai vizuri na kila konsonanti. Kilatini nacho kilifanya hivyo hivyo, na kilizifanyia "in-" zote mbili bila ubaguzi. Ndiyo maana "immortal" ni asiyekufa, lakini "immigrant" si asiyehama, ni aliyehamia ndani. "Illegal" ni kinyume cha sheria, lakini "illuminate" ni kutia mwanga. "Irregular" ni isiyofuata utaratibu, lakini "irrigate" ni kuingiza maji shambani. Ukizipanga kwa macho, utaweka wageni katika nyumba moja na kuwatenganisha ndugu.

Kuna dokezo linalosaidia mara nyingi, ingawa si kila mara. "In-" ya ukanushi hupenda kushika vivumishi: "perfect", "possible", "legal", "human". "In-" ya kuingia hupenda kushika vitenzi: "invade", "inject", "inhale", "import". Ukikutana na neno jipya, jiulize kilichobaki baada ya kuondoa mwanzo ni sifa au ni tendo. "Inflammable" humdanganya mtu kwa sababu kwa nje ni kivumishi, lakini ndani yake kimelala kitenzi "inflame". Mkato wake wa kweli uko kabla ya "-able", hauko baada ya "in-".

Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa wana mtego wao wa ziada hapa. Kwa Kifaransa, nyumba iliyo "habitable" inakalika, na iliyo "inhabitable" haikaliki. Kwa Kiingereza "inhabitable" inakalika, kwani imetoka kwenye kitenzi "inhabit", yaani kukaa ndani ya mahali, na isiyokalika ni "uninhabitable". Neno moja, herufi zile zile kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na maana zinapigana. Mtu anayetafsiri ripoti ya nyumba zilizobomolewa na mafuriko anaweza kurudisha familia nzima chini ya paa linalotaka kuanguka.

Na hata pale ambapo ukanushi ni wa kweli, huenda haukanushi kile unachodhani. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani. Kinachokanushwa hapo ni kupima: thamani yake haikadiriki. Bosi akikuandikia kwamba mchango wako ulikuwa "invaluable", amekusifu sana. "Infamous" ni mtu maarufu, ila kwa ubaya. "Infant" kwa asili ni asiyesema, maana "fari" kwa Kilatini ni kusema. Mtoto mchanga aliitwa kwa kile ambacho bado hajakiweza.

Kwa nini nalisemea jambo hili kwa Kiswahili, na si kuliachia kamusi za Kiingereza? Kwa sababu sisi tuna mazoea makubwa ya kuamini mwanzo wa neno, na mazoea hayo hayakuja bure. Mtu, kitu, utu, jitu: mzizi ni mmoja, na kichwa cha neno ndicho kinachotuambia tunazungumzia nini. Ngeli zimetufundisha kwamba taarifa hukaa mbele. Imani hiyo ni kubwa kiasi kwamba tunaipeleka hata kwenye maneno ya kigeni. Kitabu ni neno la Kiarabu, na "ki" yake ni sehemu ya mzizi wenye k, t na b, ila sikio la Mswahili lilisikia "ki" ya kiti na kisu, likazaa vitabu. "Keep left" ya alama ya barabarani ikawa kipilefti, na zikiwa nyingi ni vipilefti. "Mudguard" ya gari ikawa madigadi, na kwa kuwa ina "ma" mbele, lile moja likaitwa digadi.

Waingereza nao wamekata maneno yao hivyo hivyo, tena kwa karne nyingi. Nyoka waliyemwita "naddre" alitajwa kwa "a naddre", watu wakasikia "an adder", na n ikahamia kwa jirani. Aproni ya jikoni ilikuwa "napron", jamaa wa "napkin", ikapoteza n kwa njia hiyo hiyo. Upande wa pili, "an ekename", yaani jina la nyongeza, liliiba n likawa "nickname". Kwa hiyo anayetafuta asili ya neno kwa kutazama herufi yake ya kwanza tu, wakati mwingine anaitazama herufi ambayo haikuwa yake.

Turudi kwenye ukanushi, maana "un-" nayo haina budi kuelezwa. Hii ni ya Kiingereza chenyewe, haikutoka Kilatini, na nayo ni mbili. Ya kwanza ni "si": "unhappy", asiye na furaha. Ya pili ni kurudisha nyuma tendo lililokwisha kufanyika: "untie", "undo", "unlock". Kiswahili kinazitenganisha vizuri kuliko Kiingereza. Kurudisha tendo tunakuweka mkiani mwa kitenzi: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Kukanusha tunakufanya kwa "si" au "ha". Ndiyo maana "unlockable" ya Kiingereza ina maana mbili zinazopingana, na Mwingereza mwenyewe hulazimika kusubiri sentensi iishe ndipo ajue: ni mlango usiofungika, au ni mlango unaofungulika? Mswahili akizisema hizo mbili, hakuna wa kumuuliza tena.

Kisha yapo maneno yenye "un" ambayo hayamo katika mambo haya kabisa. "Union", "unit" na "uniform" yana "unus" ya Kilatini, yaani moja. "Under" ni neno zima, halina kiambishi. "Uncle" limetoka kwa "avunculus", na hapa siwezi kupita bila kusema kwamba "avunculus" wa Kilatini alikuwa mjomba hasa, ndugu wa kiume wa mama. Baba mdogo alikuwa na jina jingine. Neno lilipofika kwenye Kiingereza kupitia Kifaransa, tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kupotea, na leo "uncle" mmoja anabeba mjomba, ami, baba mkubwa na baba mdogo.

Sehemu ambayo msomaji wa pwani ana faida kubwa ni "al-". Anayesema alfajiri, alasiri na Alhamisi kila siku anabeba kijineno cha Kiarabu "al" bila kuhisi. Kiingereza nacho kinakibeba, kwa kuwa elimu ya Waarabu iliingia Ulaya kwa kiasi kikubwa kupitia Hispania na Sicily, na waliopokea maneno walichukua na kile kijineno kilichoyatangulia. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu chenye "al-jabr" katika jina lake, yaani kurudisha kilichovunjika mahali pake. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kwa Kilatini, na Ulaya ikapata "algebra". Hispania mtu aliyeitwa "algebrista" alikuwa pia fundi wa kuunga mifupa. Jina la Al-Khwarizmi lenyewe, lilipopita katika vinywa vya Kilatini, likawa "algorithm", neno linaloendesha nusu ya mazungumzo ya leo kuhusu simu na kompyuta. Hapo "al" ni ya jina la mtu, aliyeitwa kwa nchi ya asili yake, Khwarazm.

"Alcohol" ina safari ya ajabu zaidi. "Al-kuhl" kwa Kiarabu ni wanja, ule unga mweusi laini wa kupaka machoni. Wataalamu wa Ulaya walilichukua kwa maana ya unga wowote uliosagwa ukawa laini kabisa, kisha kwa kiini cha kitu chochote kilichochujwa au kukenekwa, kisha kwa kiini cha mvinyo, na mvinyo ndio ulioshinda. "Alcove", ile sehemu ya chumba iliyoingia ukutani, ni "al-qubba", na sisi tunalo lile lile: ni kuba la msikitini. "Alkali" ni "al-qali", majivu ya mmea wa maeneo ya chumvi ambao watu walichomea kutengeneza sabuni na kioo.

Inafaa kuona pia pale ambapo "al" imeanguka. Wahispania walisema "azúcar" na "algodón", Waitaliano wakasema "zucchero" na "cotone", na Kiingereza kikafuata upande usio na "al": "sugar" na "cotton". Kwa hiyo maneno mawili yanaweza kutoka katika kinywa kimoja cha Kiarabu, moja likaanza kwa "al" na jingine lisianze. Na kinyume chake, "al" ya Kiingereza haimaanishi Kiarabu kila mara. "Alone" ni "all one", "always" na "already" ni "all" ile ile. "Album" na "albino" zimetoka kwa "albus", nyeupe kwa Kilatini. "Alarm" ni sauti ya askari wa Italia wakiitana, "all'arme", shikeni silaha. "Alligator" ni "el lagarto" ya Kihispania, yaani mjusi yule, na "el" hiyo ni kijineno cha Kihispania kilichofanya kazi sawa na "al" ya Kiarabu bila kuwa na undugu nayo. Herufi mbili tu, na ndani yake mna Waarabu, Warumi, Wahispania, Waitaliano na Waingereza wenyewe.

"Para-" nitaipitia kwa haraka. Katika "parachute" na "parasol" ni kukinga: dhidi ya kuanguka, dhidi ya jua. Katika "parallel" na "parasite" ni ya Kigiriki, "kando ya". "Parasite" kwa Wagiriki alikuwa mtu anayekaa kando ya chakula cha wengine, na sisi tuna jina lake kamili: mdoezi. Wanasayansi walikuja baadaye kumpa jina hilo mdudu anayeishi juu ya mwili wa mwenzake. Kisha askari wa miavuli wakaitwa "paratroopers", na "para" yao si kukinga wala kando. Ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye "parachute".

Hadi hapa tumezungumzia viambishi, vilivyo hai na vilivyokufa. Lipo kundi jingine ambalo vitabu vingi vya shule havilitaji kabisa, na naliona ndilo zuri kuliko yote kwa mwanafunzi anayesikia Kiswahili vizuri. Tazama "th". Kiingereza huandika herufi hizo mbili kwa sauti mbili tofauti. Sisi tunazitofautisha kwa maandishi: thamani na dhamana, themanini na dhahabu. Sasa chukua maneno ya Kiingereza yanayoanza na "th" uyapange kwa sauti, usiyapange kwa maandishi. Upande wa dh utapata "the", "this", "that", "these", "those", "there", "then", "they", "thus", "though". Upande wa th utapata "thing", "think", "thick", "thin", "thumb", "thief", "three", "thunder".

Umeona? Upande wa dh ni maneno ya kuonyesha na ya kuunga sentensi. Upande wa th ni maneno ya vitu, sifa, matendo na hesabu. Mgawanyo huo umenyooka kwa kiasi cha kushangaza. Kinachokiuka ni kama "through", ambalo ni neno la kuunganisha lakini linatamkwa kwa th. Sababu ni kwamba maneno ya kuonyesha hutamkwa haraka, bila mkazo, na karne nyingi zilizopita sauti yao ya kwanza ililainika na kupata mtetemo wa koo. Maneno yenye uzito yalibaki kama yalivyokuwa. Kwa hiyo mtoto anayejifunza Kiingereza akisikia dh mwanzoni, anaweza kujua kabla neno halijaisha kwamba anaelekezwa kwenye kitu, hajatajiwa kitu. Maandishi ya Kiingereza yameificha siri hii. Alfabeti yetu ingeiweka wazi.

Na kundi hilo la dh lina jamaa. Weka pamoja "here, there, where". Weka "hence, thence, whence". Weka "then" na "when", "that" na "what". H ni hapa nilipo, th ni kule ninakoonyesha, wh ni swali. Huo ni mfumo kamili, na asili yake ni ya kale kabla Kiingereza hakijawa Kiingereza. "Who", "what", "which", "when", "where" na "why" ni ndugu wa damu, na wana binamu katika Kilatini wanaoanza kwa "qu": "quis", "quid", "quando". Hata "how" ni wa ukoo huo, ila w yake imepotea, jambo linalotukumbusha kwamba ndugu anaweza kubadilika sura. Kwa upande mwingine "whole" si wa ukoo huo. Zamani liliandikwa bila w, na ndugu zake ni "heal" na "health". W ilibandikwa baadaye na waandishi.

Hapa niweke onyo. Kiswahili kina hapa, huku, humu, huyu, hiki, kwa vilivyo karibu, na pale, kule, mle kwa vilivyo mbali. Mtu anaweza kuona h ya "hapa" na h ya "here" akaanza kutunga historia. Hazina uhusiano. Lugha hizi mbili zimeifikia h kila moja kwa njia yake, na kufanana huko ni bahati. Nimesikia watu makini wakijenga nadharia nzima juu ya kufanana kwa namna hiyo kati ya Kiswahili na lugha za mbali, na nadharia huporomoka pale tu unapouliza neno lilikuwaje miaka elfu moja iliyopita.

Linalobaki ni gumu zaidi: maneno yenye mwanzo mmoja na maana za jirani, lakini mwanzo huo si kiambishi. Ukiuondoa, hakibaki kitu chenye maana. "Gleam", "glow", "glitter", "glimmer", "glisten", "glint", "glare", "gloss". Yote ni ya kung'aa, kumeremeta, kumetameta. Lakini ukitoa "gl" kwenye "gleam" unabaki na "eam", ambayo si neno. Vivyo hivyo "snore", "sneeze", "sniff", "snot", "snout", "snort", "snuff": kukoroma, kupiga chafya, kunusa, kamasi, pua ya nguruwe, ugoro. Pua imekaa mwanzoni mwa kila moja.

John Wallis, Mwingereza aliyetupa mwaka 1655 ile alama ya hisabati ya kisicho na mwisho, alikuwa ameyaona haya miaka miwili kabla. Katika sarufi yake ya Kiingereza ya mwaka 1653, aliyoiandika kwa Kilatini, alipanga mianzo ya aina hii na kusema kila mmoja unaelekea maana gani. Mwaka 1930 mtaalamu wa isimu J. R. Firth aliyapa jina la kitaalamu, "phonaestheme". Na mwaka 2004 Benjamin Bergen alichapisha matokeo ya jaribio: watu walioonyeshwa neno kama "glow" walilitambua upesi zaidi neno la aina ya "glitter" lililofuata, kuliko walivyotambua maneno yanayofanana herufi tu au maana tu. Maana yake ni kwamba uhusiano huo umo vichwani mwa wasemaji, si hobi ya watunga orodha.

Sehemu ya maelezo ni undugu wa kweli. Maneno kadhaa ya "gl" yametoka kwenye mzizi wa kale sana wa kung'aa, na "glass" ni miongoni mwao. Hata "glad", mwenye furaha, zamani maana yake ilikuwa yenye kung'aa. Lakini undugu hautoshi kueleza yote, na ushahidi mzuri ni "sneeze". Katika Kiingereza cha kale chafya haikuanza kwa "sn". Ilianza kwa "fn", "fneosan". Mwanzo wa "fn" ulipokuwa unapotea katika lugha, neno likahitaji mwanzo mpya, na likahamia kwa wenzake wa pua. Huenda macho nayo yalisaidia, kwani s ndefu ya maandishi ya zamani ilifanana mno na f. Lakini neno lilipata makazi kwa sababu nyumba ya pua ilikuwepo tayari. Lilikubaliwa ukoo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "wr". W yake haitamkwi siku hizi, ila zamani ilitamkwa. "Wring" ni kukamua kwa kusokota. "Wrench" ni kuvuta kwa kuzungusha, na pia ni spana. "Wrist" ni kifundo cha mkono, kinachozunguka. "Wrestle" ni mieleka. "Wreath" ni shada lililosukwa kwa mviringo. "Wriggle" ni kujinyonganyonga, "wry" ni iliyopinda. Na katika kundi hilo yumo "wrong", neno la watu wa kaskazini, Waskandinavia, ambalo maana yake ya awali ilikuwa kilichopinda. Mwenzake "right" ni kilichonyooka. Kiswahili kimefikia wazo hilo hilo bila kuazima: mtu mwema amenyooka, na mbaya ni mpotovu, kutoka kwenye kupotoka, yaani kupinda na kuacha njia. Lakini "write" yenyewe, kuandika, haina msokoto wowote. Asili yake ni kukwaruza na kuchonga juu ya mti au jiwe. Imekaa na kina "wr" kama mpangaji.

Na kila nyumba ina wapangaji. "Glove" na "glue" hazing'ai. "Snake", "snow" na "snail" hazina pua. Anayetumia mianzo hii kukumbuka maneno atafaidika sana. Anayeitumia kubahatisha maana katika mtihani au katika mkataba ataumia, kwa sababu "gl" na "sn" zinaonyesha mwelekeo tu, hazitoi ahadi kama ile ya "un-" katika "unhappy".

Namna ya kujipima ni rahisi kueleza. Ondoa mwanzo uone kilichobaki kinasimama peke yake na kina uhusiano na neno zima. "Unhappy" inapita, "uncle" haipiti. "Befriend" inapita, "beef" haipiti. Kama kilichobaki kinasimama lakini maana haikai sawa, kama "inflammable", tafuta kitenzi ndani. Kama hakisimami kabisa, fungua kamusi kubwa yenye historia ya maneno na usome mistari michache inayotaja lugha ya asili. Mistari hiyo wanafunzi wengi huiruka, na ndiyo yenye jibu.

Kamusi itakuonyesha pia kwamba mkato usio sahihi unaweza kuzaa kiambishi halali. Mwaka 1861 Mfaransa Gustave Ponton d'Amécourt alitunga jina "hélicoptère" kwa maneno mawili ya Kigiriki: "helix", msokoto, na "pteron", bawa. Mkato wa kweli ni "helico" na "pter". Wasemaji wa Kiingereza hawakuusikia hapo. Wakakata "heli" na "copter", wakaunda "helipad" na "heliport", wakaita ndege yenyewe "copter" kwa kifupi. "Heli" hiyo haina uhusiano na ile ya "helium", gesi iliyopewa jina la jua kwa sababu dalili yake iligunduliwa mwaka 1868 katika mwanga wa jua. "Hamburger" nayo ilitokana na jina la mji wa Hamburg, ikakatwa kana kwamba ni "ham" na "burger", na mkia ukaanza maisha yake: "cheeseburger", "fishburger", na kwetu ikaja baga, isiyobakiza hata herufi moja ya mwanzo ule.